Re: Kipofu wa kuzaliwa, ubongo wa kuonea unakaa bure?

Mkuu, umeuliza kama kwa kipofu wa kuzaliwa ile sehemu ya ubongo ya kuonea inakaa bure tu. Haikai bure aisee. Mwaka 1996 mtafiti Sadato na wenzake waliwapiga skani ya ubongo watu waliopofuka mapema wakiwa wanasoma Breli (maandishi ya nukta ya vipofu) kwa vidole, wakakuta kisogoni kule, ndo ilipo sehemu ya kuonea, kunafanya kazi, halafu 1997 mtafiti mwingine, Cohen, akapavuruga kidogo kwa sumaku ya nje ya fuvu, jamaa wakaanza kukosea herufi.

Ila kesi ya 2000 ndo kiboko, mama mmoja kipofu toka kuzaliwa, mkali wa Breli, kapata kiharusi kisogoni pande zote mbili, vidole vinahisi nukta freshi kabisa lakini kusoma hawezi tena!

Na usidhani ni mambo ya kugusa tu, 2011 mtafiti Bedny na wenzake walionyesha hata vipofu wa kuzaliwa wakisikiliza tu eneo hilo linachangamka, tena sentensi yenye maana kuliko maneno yaliyopangwa ovyo, yaani linashughulika na lugha yenyewe. Aliyepofuka ukubwani sasa ni habari nyingine, kwenye jaribio jingine la sumaku waliopofuka baada ya umri wa miaka 14 Breli yao haikuvurugika.