Muulizeni kwanza mwenye kisa

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu akialikwa kwenye podikasti, je, kusimulia kisa cha maisha yake ndiyo njia ya kuwavuta watu wakasikilize? Nimelisoma mara tatu, na kila mara najikuta najibu jingine: kisa hicho ni cha nani?

Kwamba kisa huvuta watu, hilo halina ubishi. Nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nilialikwa kuzungumzia kazi hiyo katika kipindi kilichotoka Septemba 8, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Mwendesha kipindi alinitumia bango lenye picha yangu na kiungo, nikaliweka kwenye status yangu ya WhatsApp na maneno yale yale ya kila mgeni: ni heshima kwangu, karibuni msikilize. Pongezi zikamiminika. Kusikiliza, hakuna aliyesikiliza. Wote walisema watasikiliza wikendi. Podikasti si kama redio, haina saa ya kuikosa, basi mtu asipopewa sababu ya kubonyeza leo, habonyezi kamwe.

Siku ya tatu usiku nikaandika habari za baba.

Baba hakujua kusoma, na sisi watoto hatukujua kwamba hajui. Mfukoni mwa shati hakukosa kalamu, kalamu ya bluu yenye kifuniko kilichotafunwa. Barua ikija aliigeuza mbele na nyuma, akajipapasa kifuani, kisha akasema, "Miwani nimeisahau, hebu nisomee, mwanangu." Nilikuwa na miaka tisa ilipokuja barua ya shule iliyosema mimi ni mtoro na kwamba mzazi afike kwa mwalimu mkuu. Nikaisoma kwa sauti, bila kusita, kwamba nimefanya vizuri na wazazi wanapongezwa. Baba akaikunja mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu, akaniwekea mkono kichwani. Kisha akaanza kutembea nayo. Kila aliyekutana naye alimpa aisome mwenyewe, ashuhudie. Sikujua nani alimwambia ukweli. Najua tu kwamba jioni moja alirudi, hakunipiga, hakunigombeza, na tangu siku hiyo hakuniomba tena nimsomee kitu.

Hayo ndiyo niliyoyaandika, na chini yake nikaweka kiungo. Kulipokucha yalikuwa yameshasambaa hadi kwa watu nisiowajua. Kaka yangu akanipigia: "Mzee kajificha miaka yote ile, wewe unamwanika kwa ajili ya kipindi?"

Baba yu hai. Simu yake ni ya kubonyeza tu, ila ana majirani, na mmoja wao alimsomea. Kwa mara ya pili maishani, mtu wa nje alimsomea baba jambo lililonipasa nimsomee mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Status ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, lakini wanaopiga picha ya skrini hawangoji saa hizo ziishe. Tena ndani ya kipindi chenyewe baba hatajwi hata mara moja! Waliokuja wakimtafuta walikuta nusu saa ya mbinu za kufundishia, na baadhi wakaniandikia kwamba nimewadanganya. Walisema kweli.

Nilianza barua hii nikitaka kuwaambia wageni wote waachane na jambo hili. Ila siwezi kumruka kijana mmoja aliyeniandikia kwamba mama yake naye husahau miwani. Mama huyo sasa ni mwanafunzi wangu, anakaa mstari wa mbele, na anaandika jina lake lote bila kuinua kalamu. Bango langu lisingemleta.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, simulieni, mradi kisa chenyewe kimo kwenye kipindi, na aliyemo ndani yake, kama yu hai, akisikie kwanza kinywani mwenu. Ambao wenye visa vyao wameshafariki, kwao sina neno.

Mimi nilichelewa. Nilikwenda kwa baba nikamsomea yote, pamoja na ile barua ya shule, safari hii kama ilivyoandikwa. Akanyamaza kitambo.

"Kalamu ilikuwa nyeusi," akasema.

Hilo nalisahihisha hapa. Mengine hakuyagusa, na sijui kama hiyo ndiyo ruhusa.