Faili za Hesabu za Zamani Zikigoma Kufunguka: Maswali Kutoka Lamu na Malindi

Maswali ya safari hii yote yahusu majedwali ya hesabu yaliyoandikwa miaka mingi nyuma. Kabla sijajibu hata moja nina ombi: fanyeni nakala ya faili, ile ya asili iwekeni kando, na mhangaike na nakala. Sitalirudia hili katika kila jibu.

Mwalimu mstaafu, Langoni, Lamu: Nina disketi za alama za mitihani za miaka ya tisini. Jina la kila faili lamalizikia WK1. Mjukuu wangu amezihamishia kwenye laptopu, lakini Excel yazikataa. Je, zimekufa?

Shikamoo Mwalimu. Hazijafa, ila hazikuwa faili za Excel tangu mwanzo. Ni za Lotus 1-2-3, programu iliyotoka 1983 na kutamba maofisini enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, kabla Excel haijaipiku. IBM iliinunua kampuni ya Lotus mwaka 1995, na kufikia 2014 ikaacha kuihudumia programu hiyo. Excel ilikuwa ikizifungua faili za WK1 hadi toleo la 2003. Toleo la 2007 likaacha. Kwa hiyo anayekushauri ununue Excel mpya zaidi anakupotezea pesa.

Mjukuu aweke LibreOffice, ambayo ni ya bure, afungue faili kwa Calc, sehemu yake ya majedwali, kisha aihifadhi kama xlsx, aina ya faili za Excel za leo. Kama faili ni nyingi na kijana haogopi kuandika amri, soffice --headless --convert-to xlsx ikifuatwa na majina ya faili itazigeuza kwa mkupuo.

Usiishie hapo. Maneno na tarakimu kwa kawaida huja salama, lakini fomula na chati ndizo za kutiliwa shaka. Lotus iliandika jumla kwa @SUM na vituo viwili (..) kati ya seli, Excel ina yake, na mahali fulani katika kutafsiri huenda kitu kikaponyoka. Kama bado una karatasi zilizochapwa za mitihani ile, chukua darasa moja ulinganishe jumla na wastani. Zikilingana darasa la kwanza na la mwisho, endelea kwa amani.

Disketi zenyewe usizitupe mpaka uhakiki umekwisha, wala usiziamini tena. Ndani yake mna utando mwembamba wa sumaku, na unyevu wetu wa pwani huuotesha ukungu. Kuwa mjukuu ameweza kuzisoma ni bahati. Disketi ya inchi 3.5 hubeba MB 1.44 tu, basi mitihani yako yote itaingia kwenye flashi ndogo kabisa na nafasi ibaki. Tumia flashi mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Msimamizi wa nyumba ya wageni, Shela, Lamu: Mwenye nyumba aliniachia Mac kuukuu yenye orodha ya wageni. Nikinakili tarehe na kuzitia kwenye faili yangu mpya, mgeni wa 10 Agosti 2009 anageuka wa 9 Agosti 2005. Nimerogwa?

Hujarogwa. Excel haihifadhi tarehe, huhifadhi idadi ya siku, kisha hutuonyesha sisi sura ya tarehe. Faili za Windows huanza kuhesabu mwaka 1900. Excel ya Mac za zamani ilianzia 1904. Idadi ileile ya siku, ikihesabiwa kutoka mwanzo tofauti, hutua kwenye tarehe tofauti, na tofauti hiyo ni siku 1,462 kamili: miaka minne na siku moja.

Dawa yake ni hii. Katika faili mpya, andika 1462 kwenye seli tupu uinakili. Chagua tarehe zote zilizoharibika, fungua "Paste Special", weka alama kwenye "Values" na "Add", kisha OK. Wageni wote watarudi kwenye mwaka wao. Ndani ya mipangilio ya Excel utaona pia kisanduku cha "Use 1904 date system". Usikiguse katika faili ambayo tayari ina tarehe sahihi, maana zitaruka zote.

Na kwa wapenda vituko: muulize Excel kuhusu 29 Februari 1900, atakuambia siku hiyo ilikuwako. Haikuwako, kwani mwaka 1900 haukuwa mrefu. Kosa hilo lilikuwa la Lotus, na waliounda Excel wakaliiga makusudi ili faili za programu mbili hizi zielewane. Limo mpaka leo.

Mfanyabiashara, Malindi mjini: Taarifa ya benki niliyoipakua inaishia xls. Kila nikiifungua Excel inaonya kwamba aina ya faili na jina lake havilingani. Ni virusi?

Mara nyingi si virusi. Mifumo mingi hutoa ukurasa wa wavuti au maandishi matupu, kisha huyabandika jina la xls, aina ya zamani ya faili za Excel, ili yafunguke kwa Excel. Ifungue kwa Notepad uone inavyoanza. Ukikuta neno html au table, ni ukurasa wa wavuti. Ukikuta herufi PK, ni xlsx iliyopewa jina la uongo. Kama umeipakua mwenyewe kutoka akaunti yako, kubali onyo, ihifadhi upya kama xlsx, na onyo halitarudi. Iliyotumwa na mtu usiyemjua ifute.

Karani wa kikundi cha wavuvi, Malindi: Tuliunganisha rekodi zote za samaki waliopimwa ufukoni katika faili moja ya xls. Mwisho umekatikia mstari wa 65,536.

Huo ndio ukomo wa xls: mistari 65,536 na safu 256. Xlsx, iliyokuja na Excel 2007, inabeba mistari 1,048,576 na safu 16,384. Wengi huteleza hapa: kufungua xls ndani ya Excel mpya hakuongezi nafasi. Ukiona "Compatibility Mode" juu ya dirisha, bado umo katika ukomo wa zamani. Nenda File, Info, Convert, halafu ndipo uunganishe upya kutoka faili za asili, kwa sababu mistari iliyokatwa haimo tena katika hiyo uliyonayo.

Msione haya. Uingereza, kati ya Septemba na Oktoba 2020, visa 15,841 vya Korona viliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa ukomo huuhuu wa xls, na waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Mweka hazina wa kikundi cha kina mama, Maweni, Malindi: Orodha yetu ya nambari za simu ilikuwa CSV, faili ya maandishi matupu yenye koma kati ya safu. Nimeifungua kwa Excel, sifuri zote za mwanzo zimetoweka.

Dada, Excel ameona tarakimu akadhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Kama hujaihifadhi upya, funga bila kuhifadhi; sifuri bado zimo. Kisha anza na faili tupu, nenda Data, "From Text/CSV", "Transform Data", na safu ya simu uiite "Text".

Kama uliishahifadhi, andika ="0"&A2 pembeni na uiburute hadi chini. Nambari zilizoandikwa kwa 254 ndizo za hatari zaidi. Zikionekana kama 2.54712E+11 na ukahifadhi CSV hivyo hivyo, tarakimu za mwisho zimekwenda, na itabidi muulizane simu upya.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Malindi: Faili yangu ya xls ilikuwa na kitufe cha kutoa risiti. Nimeigeuza kuwa xlsx. Kitufe kipo, kimenyamaza.

Xlsx haibebi makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili kuendesha kazi kama ya kitufe chako. Rudi kwenye xls ya asili, uihifadhi kama xlsm, ambayo hubeba makro. Kama faili ilikuja kwa barua pepe, Office tangu 2022 huzuia makro zilizotoka kwenye intaneti. Bofya kulia, Properties, "Unblock". Ila fanya hivyo kama unamjua aliyeiandika. Kama humjui, andika risiti kwa mkono mpaka fundi unayemwamini aikague.