Pointi zimekwama kwa mama wa sambaza

Swali: Tuko majirani 24 wa Majengo, Goma, wengi tulijuana kwenye likirimba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Tangu benki zifungwe mwanzoni mwa 2025 na faranga kuadimika, tunalipana kwa pointi za daftarini: kushona, kusuka nywele, kubeba mizigo kwa chukudu, kufundisha watoto. Pointi 1 ni faranga 100, na kila mtu alianzia sifuri. Sasa mama muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ana pointi 180 na amekataa kutuuzia tena. Fundi cherehani anadaiwa 95. Wenzangu wanataka tumgawie kila mtu pointi 50 mpya. Tugawe?

Jibu: Hapana, mama, msigawe. Katika daftari la namna yenu pointi huzaliwa mtu anapohudumiwa na hufutika anapohudumia, kwa hiyo hesabu za wote zikijumlishwa lazima zitoe sifuri. Mkigawa 50 kwa watu 24 mtaingiza pointi 1,200 ambazo hakuna aliyezifanyia kazi wala anayezidaiwa. Vilabu vya kubadilishana bidhaa na huduma vya Argentina, vilivyoanza 1995, vilianguka 2002 kwa sababu hiyo hasa: karatasi zao za malipo zilichapwa kupita kiasi, nyingine za bandia, zikakosa cha kununua.

Shida yenu iko kwenye ndoo ya sambaza. Mama yule anashuka Kituku, soko la kando ya ziwa, alfajiri, na mvuvi anataka faranga mkononi. Tuseme kopo analinunua 3,000 na kuwauzia 4,000. Jasho lake hapo ni 1,000 tu. Pointi zake 180 ni mauzo ya 18,000, na humo 13,500 zilitoka mfukoni mwake zisirudi. Mtaji umekatika! Mimi ningekataa mapema kuliko yeye.

Kwa hiyo bei yake igawanywe: 3,000 kwa faranga, pointi 10 kwa kazi yake. Muuza makala (mkaa) na muuza unga vivyo hivyo. Anayesuka nywele au kufundisha apokee pointi tupu. Fundi naye, mteja akileta kitambaa, adai faranga za uzi tu, kazi yake ailipwe kwa pointi.

Halafu wekeni kikomo cha juu kwa anayedai na cha chini kwa anayedaiwa. Kwa kundi changa ningeanza na pointi 100 kila upande. Aliyefika juu anunue kwanza, aliyefika chini afanye kazi kwanza. Msikiache kikomo cha deni kiwe kikubwa. Hapa Goma mtu anaweza kuhama usiku mmoja, tuliona Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na deni la aliyeondoka linabaki kwenu wote.

Fundi hadaiwi na mama wa sambaza, anadaiwa na kundi zima. Lakini akimshonea watoto wake sare za pointi 60, yeye anabaki na deni la 35 na mama anashuka hadi 120. Kazi moja inapunguza pande zote mbili.

Noti zenu msichapishe, daftari linatosha. Mombasa mwaka 2013 waanzilishi wa Bangla-Pesa, fedha ya karatasi ya mtaani, walikamatwa kwa ajili ya karatasi za aina hiyo, ingawa baadaye mashtaka yalifutwa.

Kabla ya mkutano, nendeni watu wawili nyumbani kwa mama huyo na daftari mkononi. Msianze kumbembeleza auze. Mwonyesheni kwamba mmeiona ile 13,500, kisha mwulizeni anahitaji nini: paa kuzibwa, mzigo kupandishwa kutoka Kituku, mtoto kufundishwa hesabu. Andikeni atakachotaja, mkamtafutie mfanyaji ndani ya wale 24.