Kuunda Magari na Ndege za Plastiki Ukiishi Pwani: Ushauri Kuhusu Rangi, Gundi na Unyevu

Vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya modeli za plastiki huonyesha kwa michoro kipande gani kinaungana na kipi na kwa mpangilio upi, lakini havisemi lolote kuhusu hewa ya chumba ambamo kazi itafanyika. Kwa mtu anayeunda modeli zake Nairobi au Arusha, ukimya huo hauna madhara makubwa. Kwa sisi tunaoishi Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam, ambako nguo iliyoachwa kambani usiku kucha huanuliwa asubuhi ikiwa bado mbichi, hewa ndiyo inayoamua kama gari litang'aa au litatoka na ukungu mweupe usiofutika. Nimeunda magari na ndege za aina hii hapa Mombasa kwa miaka mingi, na maswali mengi ninayoulizwa na wanaoanza, hata yale yanayoonekana kuhusu gundi au stika, mwisho wake huangukia kwenye joto na unyevu. Kwa hiyo ushauri wangu utakaa hapo, na mengine nitayapitia haraka.

Jambo la kwanza ni manunuzi, kwa sababu maduka yanayouza modeli ni haba huku kwetu na wengi wetu huagiza kutoka Japani au Uingereza, ama humtuma ndugu anayekuja likizo. Plastiki yenyewe husafiri kwa posta bila tatizo. Gundi ya plastiki na rangi za laka, yaani zile zinazochanganywa na thina, ni habari nyingine, maana ni vimiminika vinavyoshika moto na kwa kawaida haviruhusiwi kwenye vifurushi vya posta vinavyosafirishwa kwa ndege. Anayeagiza seti nzuri bila kufikiria ataipata wapi gundi hubaki na boksi la kutazama tu. Rangi za akriliki zinazochanganywa na maji husafirishwa kwa urahisi zaidi. Vingine vyote utavipata katika duka la rangi za magari lililo karibu nawe: praima (rangi ya chini inayoshikisha zile za juu), thina, msasa wa maji wa namba 1000, 1500 na 2000, kompaundi ya kung'arishia, na utepe wa karatasi ambao wapiga rangi hutumia kuziba sehemu zisizotakiwa kuguswa. Tahadhari ni kwamba thina ya magari ni kali, na ikifika kwa wingi juu ya plastiki tupu huila na kuacha nyufa ndogondogo. Praima ya dukani humo ipulizwe kwa tabaka nyepesi sana mwanzoni, na ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vya modeli, ambacho kingetupwa.

Kuhusu ukubwa, magari huundwa zaidi kwa uwiano wa 1/24 au 1/25, na ndege za kivita kwa 1/72, 1/48 au 1/32. Uwiano wa 1/72 ulitokana na vipimo vya Kiingereza, ambapo inchi moja husimama badala ya futi sita. Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Spitfire, ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11.23, hupungua na kuwa kama sentimita 15.6 kwa 1/72 na sentimita 23.4 kwa 1/48. Watu wengi huanza na 1/72 kwa sababu ya bei. Mimi humshauri mtu mzima anayeanza achukue 1/48, kwa kuwa vidole vyake vitapata pa kushika na mara nyingi idadi ya vipande haizidi sana.

Upande wa magari, ninalopenda kulitumia ninapomwelekeza mtu ni Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na mwelekezi wake Hans Schüller. Hasegawa, moja ya kampuni kadhaa za modeli zenye makao katika mkoa wa Shizuoka nchini Japani, iliitoa kwa uwiano wa 1/24, na ikikamilika hufikia urefu wa kama sentimita 17. Naipenda kwa sababu mbili. Kwanza ni gari la historia yetu: mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, na 240Z ilishinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Pili, inamlazimisha mwanafunzi kushughulikia nyuso tatu tofauti katika kazi moja, yaani bodi nyekundu inayong'aa, boneti nyeusi isiyong'aa, na vumbi la barabara zetu.

Kabla ya rangi yoyote, vipande vyote vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni vikiwa bado kwenye fremu zake, kwa sababu hubeba mabaki ya mafuta ya kiwandani. Huku kwetu ni vizuri kuviosha mara ya pili baada ya kuunganisha, maana jasho la mikono huacha chumvi na mafuta ambayo praima haiyapendi. Kata kila kipande mara mbili, kwanza mbali na ukingo wake, kisha karibu, na umalizie kwa msasa. Gundi nyembamba ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha kingo mbili hadi zikawa kitu kimoja. Unashika vipande vikiwa vimeshagusana, unagusisha ncha ya brashi kwenye mshono, na gundi inajipenyeza yenyewe. Katika joto la Februari huruka hewani haraka sana, kwa hiyo mshono mrefu kama ule wa tumbo la ndege uunganishwe sehemu kwa sehemu. Pale panapobaki pengo, vunja vipande vidogo vya fremu na uviloweke katika chupa yenye gundi kidogo hadi viwe uji mzito: huo ndio mjazo bora kuliko wowote, kwa kuwa ni plastiki ile ile na huliwa na msasa kwa kasi ile ile. Kisha acha. Mshono uliosuguliwa kabla ya kukauka ndani kabisa hudidimia baadaye, na mstari wake hujitokeza chini ya rangi iliyokwisha kung'arishwa.

Sasa tufike kwenye rangi. Rangi ya laka inapopulizwa, thina yake huruka kwa kasi, na kuruka huko hupoza uso wa kipande. Hewa ikiwa imejaa mvuke wa maji, uso uliopoa huukusanya mvuke huo kama matone madogo mno, nayo hunaswa ndani ya rangi inayokauka na kuifanya ionekane kama imechanganywa na maziwa. Kwenye rangi isiyong'aa ni vigumu kuligundua tatizo hili. Kwenye bodi ya gari jekundu huonekana kutoka mlangoni.

Dawa ya kwanza ni saa. Unyevu wa hewa kwa kawaida huwa juu kabisa usiku na alfajiri, na hushuka jua linapopanda, hivyo mimi hupuliza rangi zinazong'aa kati ya adhuhuri na alasiri, ingawa huo ndio wakati ambao mwili unataka kulala. Dawa ya pili ni majira. Masika si wakati wa kumalizia gari. Ni wakati wa kukata, kuunganisha na kusugua. Mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma, hewa huwa rafiki zaidi, ingawa upepo huo nao huleta vumbi, ndiyo maana beseni safi la kufunikia bodi mara tu baada ya kuipuliza ni kifaa muhimu kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei ghali. Kipima unyevu kidogo cha mezani hakigharimu sana, na kikionyesha zaidi ya asilimia 80 mimi hufunga kompresa, yaani mashine ya kubana hewa ya kupulizia rangi, na kufanya kazi nyingine. Wajapani wenyewe wana majira yao ya mvua mwezi Juni, na ndiyo maana kampuni zao huuza thina ya polepole ambayo huruka taratibu na kuipa rangi nafasi ya kutoa unyevu kabla haijafunga. Ukiweza kumwagiza ndugu kitu kimoja tu kwa mkono, mwagize hiyo, ilimradi asafiri nayo kwa njia inayoruhusiwa.

Anayetumia brashi ya hewa, yaani kalamu ndogo ya kupulizia rangi, akumbuke pia kwamba kompresa hukamua maji kutoka katika hewa inayoibana. Kichujio cha maji kwenye bomba si cha hiari kwa mtu wa Pwani, na kinapaswa kumwagwa kila baada ya kazi, vinginevyo tone moja litatoka kwenye ncha na kutua katikati ya boneti. Joto nalo lina vitimbi vyake: rangi nzito hukauka hewani kabla ya kufika, ikatua kama vumbi na kuacha uso unaokwaruza. Hapo ongeza thina na usogee karibu.

Kwa bodi ya Datsun yetu, rangi nyekundu isiwekwe juu ya praima ya kijivu, kwa kuwa nyekundu haifuniki vizuri na itatoka imezimika. Weka nyeupe, au waridi kama unayo, kisha nyekundu kwa tabaka nyembamba, na mwisho tabaka ya uwazi, yaani vanishi isiyo na rangi. Ipe muda mrefu wa kukauka kuliko unavyodhani inahitaji. Harufu ya thina ikiwa bado inasikika ukiisogeza puani, haijakauka. Ndipo utumie msasa wa maji wa 2000 na kompaundi, ukikwepa kingo kali, maana huko rangi ni nyembamba na huisha upesi. Kazi hii yote ifanyike dirisha likiwa wazi na ukiwa umevaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, kwa sababu barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke wa thina hata kidogo.

Stika za maji, yaani zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, hushika vizuri juu ya uso unaong'aa tu. Juu ya uso usiong'aa hunasa hewa chini yake na kuacha alama za rangi ya fedha. Namba 11 ya mlangoni, ambayo ndiyo namba ya gari lile la 1971, ni kubwa kiasi kwamba kosa lolote litasomeka. Jambo ambalo sijaliona katika kijitabu chochote ni kuhusu maji yenyewe: maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi, na yakikauka huacha mabaka meupe kuzunguka stika, kwa hiyo tumia maji ya chupa. Karatasi ya stika iliyogeuka njano ibandike dirishani ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na jua la siku kadhaa mara nyingi huirudishia weupe wake.

Kuhusu vumbi la safari, wengi hukimbilia kuchota udongo mwekundu wa Voi na kuupaka kwenye gari. Rangi yake ni sahihi, ila kipimo si sahihi, kwa kuwa punje ya nusu milimita kwenye gari la 1/24 ni kokoto ya milimita 12. Saga chaki za rangi, changanya kahawia na chungwa, upake kwa brashi kavu, na uzidishe nyuma ya matairi na chini ya milango, mahali ambapo magurudumu hurusha.

Wapenda ndege wana jambo moja la ziada la kuangalia. Ndege yenye gurudumu la mbele na uzito mkubwa nyuma hukaa kwa mkia isipowekewa uzito puani, na mfano mzuri ni Super VC10 za East African Airways, zilizokuwa na injini nne zote mkiani. Chubwi za wavuvi zinatosha kabisa, mradi zigundishwe vizuri kabla ya kufunga kiwiliwili. Vioo vya ndege na vya magari visiguswe na gundi kali ya papo hapo, ambayo mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, na unyevu wetu huchangia. Gundi nyeupe ya mbao hushika vya kutosha na hukauka ikiwa angavu.

Kazi ikikamilika, usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, maana vipande vyembamba hupinda. Matairi laini ya vinaili huweza kuyeyusha rimu za plastiki yanazozigusa kwa miaka, na joto huharakisha jambo hilo, basi paka rangi sehemu zote za rimu zinazogusana na tairi, hata zile zisizoonekana. Kabati la kioo ni bora kuliko rafu wazi, ila naftalini isiwekwe humo, kwa kuwa huishambulia plastiki ya aina hii. Mimi huweka vikopo vya punje za silika, zinazofyonza unyevu na kubadilika rangi zinapolowa, na hasa ndani ya maboksi ya seti ambazo bado sijazianza, kwa sababu stika zilizoota ukungu haziokoleki na ni nadra kampuni kumuuzia mtu karatasi ya stika peke yake.