Jibu: Kwa nini kukosa Mic60 si sawa na kukosa jozi za sinthesi ya ATP

Mkuu, umeuliza kwa nini hamira iliyokosa protini ya Mic60 haifanani, kwenye picha za mitokondria kwa hadubini ya elektroni, na ile iliyokosa vijisehemu e na g vya sinthesi ya ATP (kimeng'enya kinachotengeneza ATP, nishati ya seli), ilhali zote huitwa "kasoro ya mikunjo", yaani mikunjo ya utando wa ndani wa mitokondria (cristae). Protini hizo hukaa sehemu tofauti za utando huo.

Sinthesi ya ATP hukaa kwa jozi, vichwa vikiachana kwa pembe ya karibu nyuzi 90, na jozi hujipanga safu kwenye ukingo wa mkunjo. Ukiondoa e au g, jozi hulegea, ukingo haupindi vizuri, na utando hujizungusha tabaka juu ya tabaka kama kitunguu.

MICOS, kundi la protini lenye Mic60 na Mic10, iko shingoni, pale mkunjo unapoungana na sehemu ya utando wa ndani iliyo pembeni, sambamba na utando wa nje; shingo hiyo ina upana wa takriban nanomita 25. Mic10 hupinda utando. Mic60 huushikiza pia kwa protini za utando wa nje. Bila Mic60 shingo hupotea, mikunjo inabaki imerundikana ndani, imekatika.

Kwa seli za binadamu usiisahau OPA1, protini ya utando wa ndani inayosaidia kubana shingo. Volteji ya utando ikianguka, kimeng'enya OMA1 hukata OPA1 ndefu, shingo hulegea, saitokromu c (protini ambayo ikitoka kwenye mitokondria huchochea kifo cha seli) ikapata njia ya kutoka.

Tahadhari moja: kipande chembamba cha sampuli cha nanomita 70, kinachotazamwa kwa hadubini ya elektroni, hudanganya. Mkunjo ulioungana juu au chini ya kipande huonekana umekatika. Fanya tomografia ya elektroni (picha ya pande tatu) kwanza, ndipo uilaumu jeni.