Usimwandikie kijana wako umri asio nao kwenye fomu ya bima

Dada wa Nakuru, nimesoma swali lako mara mbili. Gari ni lako, bima ni komprehensivu, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, mwanao wa miaka 21 amepata leseni juzi tu na ndiye atakayeliendesha siku nyingi kutoka Section 58 hadi chuoni Njoro. Ajenti amekushauri ujiandike wewe kuwa dereva, na kijana ama umwache nje ya fomu ama umwongezee miaka, ili malipo yasipande. Unauliza kama kuna ubaya. Ubaya upo, na mimi umenipata. Laiti mtu angenieleza haya mapema, nisingeuza ng'ombe wa mama yangu.

Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Nilinunua Toyota Fielder kwa mkopo wa Sacco, likathaminiwa shilingi 850,000, na bima ikawa 38,000 na kitu kwa mwaka. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa akiishi kwangu na ndiye aliyekuwa akiliendesha nikiwa shuleni. Alikuwa na miaka 22 na leseni ya miezi minane. Fomu ya maombi ina sehemu ya madereva: jina, umri, mwaka wa kupata leseni, ajali alizowahi kupata. Ajenti, mtu tuliyejuana kanisani, alikuwa akinisomea maswali, mimi naandika. Tulipofika kwa mpwa wangu akaniambia, "Mwalimu, hapo weka miaka 30, leseni ya miaka sita. Hakuna anayekagua."

Nikaandika. Na ni kweli, hakuna aliyekagua. Cheti kilitoka siku hiyohiyo.

Hapo ndipo tunapodanganyika, kwa sababu ukimya ule tunaudhani ni kukubaliwa. Kampuni haina haja ya kuchunguza maneno yako siku unayolipa. Itayachunguza siku utakayoidai wewe. Miezi yote saba niliyoendesha nikiamini nina bima, nilikuwa na karatasi tu.

Ajali ilitokea Jumapili jioni, manyunyu yakianguka, mpwa wangu akirudi Kisumu kutoka Awasi. Karibu na Ahero, pale mashamba ya mpunga yanapoikaribia barabara, alijaribu kuipita trekta akakutana uso kwa uso na bodaboda. Kosa lilikuwa lake. Nilipofika nilikuta gari limeingia mtaroni, boneti imekunjika hadi kwenye kioo, na kando ya lami kandambili moja ya yule mwenye boda. Mwenyewe alikuwa ameshakimbizwa hospitali, mguu umevunjika chini ya goti. Mpwa wangu alikuwa amechutama kando ya barabara. Aliponiona alisema tu, "Anko, nisamehe."

Nikampigia ajenti. Jibu lake nalikumbuka hadi leo: "Mkifika stesheni, sema wewe ndiye ulikuwa kwenye usukani. Klemu itapita." Klemu ndiyo yale madai ya kulipwa na bima.

Dada, uongo wa kwanza huzaa wa pili, na wa pili ndio wa kukufunga. Nilisimama nje ya stesheni simu ikiwa bado sikioni, na nakiri kwamba nilitamani kumsikiliza. Kilichonizuia ni yule mtu aliyelala hospitali. Alikuwa ameuona uso wa mpwa wangu. Wanakijiji waliomtoa chini ya pikipiki pia walikuwa wameuona. Ningeingia mle ndani na kumdanganya polisi, ningekuwa nimetoka kwenye kosa la fomu na kuingia kwenye kesi ya jinai, tena nikimburuta kijana wa dada yangu awe shahidi wa uongo wangu. Nikaingia, ikaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, jina la aliyeendesha.

Klemu ilihitaji abstrakti ya polisi, yaani ripoti fupi ya ajali, nakala ya leseni na kitambulisho cha dereva, na fomu ambayo inauliza tena yaleyale: ana umri gani, leseni alipata lini. Asesa, mkadiriaji wa hasara, akaja kuliangalia gari. Baada ya wiki moja akaja mpelelezi wa kampuni, kijana mpole sana, akaketi sebuleni kwangu na kuweka karatasi mbili mezani, ya maombi na ya klemu, bega kwa bega. Akaniuliza, "Mwalimu, huu ni mwandiko wako?" Nikaitazama ile 30. Tatu yangu ina kichwa bapa, kama ninavyoiandika ubaoni kila siku. Sikuwa na la kusema.

Barua ilikuja mwezi uliofuata: bima imebatilishwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ilipatikana kwa maelezo ya uongo. Haikubatilishwa kwa mpwa wangu peke yake, la. Yote. Hata ningekuwa nimegonga mti mwenyewe, nisingelipwa. Nilirudishiwa zile pesa za bima nilizolipa, 38,000, na makadirio ya gereji yalikuwa 410,000. Mkopo wa Sacco uliendelea kukatwa kwenye mshahara wangu kwa gari lililosimama uani bila uso.

Hilo la gari lilikuwa dogo. Kubwa ni la majeruhi. Sheria yetu ya bima ya magari kwa ajili ya watu wengine, Sura ya 405, inailazimisha kampuni kumlipa aliyeumizwa, hadi shilingi milioni 3, na kinachozidi ni chako. Lakini sheria hiyohiyo inaipa kampuni mlango: ikienda kortini kabla ya kesi ya majeruhi, au ndani ya miezi mitatu tangu ifunguliwe, ikathibitisha kwamba bima ilipatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo la maana, hailipi. Wakili wa mwenye boda alipofungua kesi, kampuni nayo ikafungua yake dhidi yangu. Nikajikuta mshtakiwa mara mbili kwa ajali moja. Wakili wangu alinishauri tuzungumze na majeruhi nje ya korti, na ni haki yake, kwa sababu mtu yule hakukosea popote. Nilimlipa kwa awamu. Awamu ya kwanza ilitoka Seme, kwenye zizi la mama.

Je, ningesema ukweli? Niliuliza baadaye. Malipo yangepanda kwa takriban 6,000, na mpwa wangu angepata ajali ningelipa eksesi ya ziada ya dereva kijana, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, 10,000. Basi.

Kuna mwenzetu amekujibu kwamba bima hufuata gari, haifuati dereva. Ana nusu ya ukweli. Mikataba mingi inamruhusu yeyote mwenye leseni halali uliyempa ruhusa, na binamu akikusogezea gari siku moja hilo halina neno. Lakini swali likiwa limeulizwa kwenye fomu, jibu lake linakuwa msingi wa mkataba. Na kumficha anayeendesha kila siku si sawa na kumkopesha mtu funguo mara moja. Vivyo hivyo wanaoandika matumizi binafsi halafu jioni gari linabeba abiria wa teksi za simu.

Usimtegemee ajenti akutetee. Wangu alikana, na sahihi chini ya tamko ilikuwa yangu.

Kinachoniuma zaidi si pesa. Mpwa wangu hakujua tulimwandika miaka 30. Mpelelezi alipomuuliza tarehe ya kuzaliwa aliitaja kwa uaminifu, kisha alipoelewa kilichofuata akaamini ni yeye aliyenifilisi. Imenichukua muda mrefu kumtoa fikra hiyo, na hadi leo hapendi kushika usukani. Mwanao naye usimwekee mzigo huo.

Kama hujasaini, jaza ukweli wote. Kama umeshasaini, usisubiri bima iishe: iandikie kampuni yenyewe, barua au imeili, si ajenti peke yake, uombe kurekebisha sehemu ya madereva. Watakuongezea kiasi, lipa. Dai hati ya marekebisho yenye jina na umri wa kijana, na funguo zikae kwako mpaka uishike mkononi. Ajenti akikataa kupokea marekebisho, nenda ofisini kwao mwenyewe. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, IRA, hupokea malalamiko.

Ukurasa ule wa madereva ukikutatiza, upige picha, ufiche majina na nambari za vitambulisho, uniwekee hapa. Nitaupitia leo usiku nikimaliza kusahihisha.