Jibu: Kinyago cha udongo kinapasuka puani
Habari ndugu. Kwa hiyo kinyago chako cha udongo usiochomwa kinapasuka puani na kwenye kona za macho kikianza kukauka. Hujasema umekikandika juu ya nini, na hapo ndipo pa kuangalia kwanza: kama ni bakuli, udongo husinyaa ukikauka, bakuli halisinyai, lazima uso uchanike. Tandika gazeti kati ya udongo na bakuli, ukitoe kinyago mapema, kikishashikamana lakini bado kibichi kidogo.

Unene uwe kama milimita 6 kote. Pua ijaze foili (karatasi ya alumini ya jikoni) ndani, usiweke bonge la udongo. Kikauke kivulini, kimefunikwa mfuko wa nailoni usiobana. Jua na feni ndio wabaya wenyewe. Nyufa za sasa zizibe kwa uji wa udongo uleule uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, zikikauka piga msasa.